Nani Aketi Katika Kiti cha Hukumu?

Juma hili twawaomba wasomaji wetu waandamane nasi hadi mbali, katika mji mdogo wa Edna, wilaya ya Jackson, jimbo la Texas, nchini Marekani. Mwaka 1951 kibarua mmoja wa mashambani, Pete Hernandez, mtu wa asili ya Meksiko, alishtakiwa huko kwa kumwua mwenzake. Kuua ni kuua, wala sisi hatusimami hapa kumtetea. Lakini katika wale raia 12 walioketi kumhukumu, ambao kwa desturi ya nchi ile huitwa juri, na ambao ndio watamkao kama mtu ana hatia au hana, hapakuwa na hata mmoja wa jamii yake. Mawakili wake walipouliza sababu, ilidhihirika kwamba kwa muda wa miaka 25 watu zaidi ya 6,000 walikuwa wameitwa kuwa waamuzi wa namna hiyo, na katika hao wote hapakuwa na mmoja mwenye jina la Kimeksiko. Hali wenye majina hayo walikuwa watu 14 katika kila 100 wa wilaya ile.

Tena katika uwanja wa jengo lenyewe la korti palikuwa na vyoo viwili vya wanaume. Kimoja hakikuwa na maandishi. Cha pili kiliandikwa kuwa ni cha watu weusi, na chini yake, kwa Kispania, maneno mawili: “Hombres Aquí,” yaani, “Wanaume Hapa.” Mtu aliyeitwa kuja kupokea haki katika jengo hilo aliambiwa kwanza, mlangoni pa choo, yeye ni nani machoni pa wenye korti.

Jibu la serikali ya Texas lafaa kukumbukwa, kwa sababu hoja za namna hiyo hazijafa. Walisema: Wameksiko ni Wazungu kwa sheria, waliomhukumu Hernandez ni Wazungu vilevile, basi amehukumiwa na wenzake, analalamika nini? Mtu huyo alikuwa Mzungu alipoidai haki yake, lakini alipotaka kunawa mikono hakuwa Mzungu tena. Mawakili Gustavo García, Carlos Cadena, John Herrera na James DeAnda hawakukubali. Waliipeleka kesi hadi Washington, na tarehe 3 Mei 1954 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Earl Warren, wakaamua kwamba haiwezekani watu 6,000 waitwe bila mmoja wa jamii ile kupatikana, kisha isemwe imetokea kwa bahati tu. Hukumu ya kwanza ikatanguka. Hernandez alihukumiwa upya, safari hii na juri iliyokuwa na watu wa asili yake, akaonekana tena mwenye hatia. Jambo hilo twamsihi msomaji alishike, maana tutalirudia.

Sasa tuitazame korti kwa juu kidogo, tuuone ule mti ambao juri ni tawi lake. Nchini Marekani kuna mahakama za aina mbili. Kila jimbo lina zake. Na Serikali Kuu ina zake, ziitwazo mahakama za shirikisho. Hizi za shirikisho zina ngazi tatu: mahakama 94 za wilaya, mahakama 13 za rufani, na juu yake Mahakama ya Juu yenye majaji 9. Humo ndimo yanamoamuliwa mambo ya Katiba, haki ya kupiga kura, ubaguzi mashuleni na kazini, na makosa yahusuyo mpaka wa nchi. Jaji wa huko hapigiwi kura na wananchi. Rais humteua, na Baraza la Seneti humthibitisha. Akiisha kuapishwa hukaa maisha, maadam mwenendo wake ni mwema. Ndiyo kusema Rais hutawala miaka 4, au 8 akichaguliwa tena, lakini jaji aliyemweka aweza kuendelea kuamua mambo ya watu miaka 30 na zaidi. Mlango huo hufunguka mara chache. Na aliyeingia hatoki.

Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika zisemazo Kispania, kama Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nyinginezo, wamekaa nje ya mlango huo muda mrefu mno. Wala tusidhani kwamba wote ni wageni waliofika jana. Meksiko iliposhindwa vitani na kutia sahihi mkataba wa Guadalupe Hidalgo mwaka 1848, maelfu ya watu wake waliamka wakajikuta ndani ya Marekani bila kuhama nyumba zao. Mpaka ndio uliohama. Watu wa Puerto Rico nao ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1961 ndipo Rais Kennedy alipomteua Reynaldo Garza, mzaliwa wa Brownsville mpakani, kuwa jaji wa wilaya katika Texas ya Kusini. Naye huhesabiwa kuwa jaji wa kwanza wa shirikisho aliyetoka katika jamii ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko. (Wako wanaomtaja kabla yake Harold Medina wa New York, aliyeteuliwa 1947, ambaye baba yake alizaliwa Meksiko. Hatugombani nao. Lakini New York si Texas, na vibarua wa Edna wasingaliweza kumfikia.) Garza alipandishwa mahakama ya rufani mwaka 1979, akabaki jaji hadi alipofariki mwaka 2004.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 Walatino walikuwa zaidi ya milioni 62, karibu watu 19 katika kila 100 wa Marekani nzima. Majaji wa shirikisho wenye asili hiyo ni karibu mmoja kati ya kumi. Katika Mahakama ya Juu, ambayo tangu mwaka 1789 imekaliwa na watu 116, Mlatino ni mmoja tu, Sonia Sotomayor, aliyeapishwa Agosti 2009. (Wengine hutaka kumhesabu pia Benjamin Cardozo, aliyetoka katika ukoo wa Kiyahudi wenye asili ya Ureno. Akina Cardozo wenyewe wangalishangaa, nadhani, kuitwa Walatino.)

Hapa ndipo msomaji mwenye akili atakaposimama na kutuuliza: Je, haki si moja? Kama jaji ni mwadilifu, yatuhusu nini kabila la bibi yake? Swali hili ni zito, nasi hatupendi kulipita kwa mbio, kama wafanyavyo wengi wanaoitetea habari hii.

Kwanza twakiri wazi: jaji asiye Mlatino aweza kumtendea Mlatino haki kamili, na amekwisha kufanya hivyo. Mwaka 1946, kule California, wazazi wa Kimeksiko wa wilaya ya Orange walishtaki kwamba watoto wao hutengwa na kupelekwa katika shule zao peke yao. Jaji wa shirikisho, Paul McCormick, ambaye hakuwa wa asili yao, aliwapa haki. Mahakama ya rufani ikamwunga mkono mwaka 1947. Na gavana aliyetia sahihi mwaka huo sheria ya kufuta utengano huo katika jimbo zima alikuwa Earl Warren, yule yule tuliyemtaja. Basi anayesema kwamba Mlatino hawezi kupata haki ila kwa Mlatino mwenzake amewadhulumu watu wema waliotangulia, tena amewapa silaha maadui wa hoja yetu.

Lakini hukumu haifanywi kwa nia njema peke yake. Hufanywa kwa kujua. Jaji hupima ushuhuda, na kupima ushuhuda ni kujua jinsi watu wanavyosema, wanavyoogopa, wanavyonyamaza, wanavyoishi. Mambo hayo hayaandikwi yote katika vitabu vya sheria.

Tuchukue habari ya lugha, ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kufundishwa. Mwaka 1967, katika wilaya ya Suffolk, jimbo la New York, kijana mmoja mfanyakazi kutoka Puerto Rico, kwa jina Negrón, alihukumiwa kwa mauaji. Hakujua Kiingereza. Wakili wake hakujua Kispania. Mashahidi karibu wote walisema kwa Kiingereza, naye akaketi siku hizo zote kama mtu anayetazama mvua dirishani, huku maisha yake yakiamuliwa mbele ya macho yake. Mkalimani alikuwako, aliyeletwa na upande wa mashtaka. Naye alimsimulia kijana kwa kifupi tu wakati wa mapumziko. Ilikuwa hadi mwaka 1970 ndipo mahakama ya rufani ya shirikisho iliposema kwamba hukumu ya namna hiyo si hukumu, na mwaka 1978 Bunge la Marekani likatunga sheria ya wakalimani katika mahakama za shirikisho. Twajiuliza: katika chumba kile cha korti mwaka 1967, kama jaji, au mwendesha mashtaka, au hata karani mmoja angalikuwa amekulia katika nyumba ya Kispania, je, ingalichukua miaka mitatu kwa mtu kusema, “Ngojeni, huyu hasikii”? (Sisi wenyewe, Tanzania, tumengoja hadi mwaka 2021 ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi tusiwacheke wengine.)

Kuna kesi nyingine ambayo kwetu ni ya ajabu zaidi. Katika Brooklyn mwendesha mashtaka aliwakataa Walatino waliokuwa wameitwa kuwa waamuzi, akieleza kwamba kwa kuwa wanajua Kispania, ana shaka kama watayakubali maneno ya mkalimani rasmi badala ya yale waliyoyasikia wenyewe kwa masikio yao. Yaani walikataliwa kwa kosa la kuelewa! Mwaka 1991 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliikubali sababu hiyo. Hatusemi kwamba wale 6 walikuwa watu wabaya. Mkalimani rasmi ni lazima awepo, na ushuhuda ni lazima uwe mmoja kwa wote. Twasema tu kwamba katika wale 9 hapakuwa na Mlatino hata mmoja aliyekulia kati ya lugha mbili, mwenye kujua kutoka utotoni kwamba mtu aweza kusikia maneno kwa lugha ya mama yake na bado akatii amri ya korti. Wenzake wangaliweza kumshinda kwa kura. Lakini wangalimsikia kwanza, chumbani, kabla ya kuandika.

Na kusikiwa ndiko kunakotakiwa. Msomaji aitazame hukumu ya tarehe 21 Aprili 2022 katika kesi ya Vaello Madero. Mtu huyu, raia wa Marekani, alipokuwa akikaa New York alipewa na Serikali Kuu msaada wa fedha utolewao kwa wazee, vipofu na wasiojiweza walio maskini. Mwaka 2013 alihamia Puerto Rico, nchi ya asili yake, ambayo ni milki ya Marekani; na kwa sheria msaada ule hauvuki bahari hiyo. Serikali ilikuja kumdai arudishe zaidi ya dola 28,000. Jaji wa wilaya, Gustavo Gelpí, na baadaye mahakama ya rufani kwa kalamu ya Jaji Juan Torruella, wote wawili watu wa Puerto Rico, waliona kwamba raia ni raia, na kumnyima fukara haki kwa sababu ya kisiwa anachokaa hakuna msingi. Mahakama ya Juu ikatengua, kura 8 kwa 1. Huyo mmoja alikuwa Sotomayor, ambaye wazazi wake walitoka kisiwa hicho hicho.

Atasema mtu: Hayo ndiyo tuliyoyaogopa! Kila mmoja anavuta upande wa kwao. Twajibu: asome vizuri. Jaji Neil Gorsuch, ambaye hana asili ya Kilatino, alikuwa upande wa wale 8, lakini aliandika kwa ukali kwamba zile hukumu za kale za mwanzo wa karne ya 20, zilizowaweka watu wa visiwa hivyo nje ya ulinzi kamili wa Katiba, hazina mizizi katika Katiba na yafaa zitupwe. Torruella alikuwa amelisema jambo hilo tangu mwaka 1985, katika kitabu chake juu ya Mahakama ya Juu na Puerto Rico. Hoja iliyozaliwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kisiwani katika kiti cha hukumu imefika hadi kwa mtu asiyekijua kisiwa. Huo si upendeleo wa kabila.

Hata hivyo yatupasa kuweka mpaka. Mwaka 2001 Sotomayor, akihutubia Berkeley, alisema kwamba mwanamke wa Kilatino mwenye hekima, kwa utajiri wa mambo aliyoyapitia, angetumainiwa kufikia mara nyingi uamuzi bora kuliko Mzungu asiyeyapitia. Maneno hayo alirushiwa kama mawe alipoketi mbele ya Seneti mwaka 2009, naye mwenyewe akasema kwamba jaji hufuata sheria, si moyo wake. Sisi twaona alikosea mwaka 2001 katika kulinganisha, wala hakukosea katika kusema kwamba maisha hufundisha. Msichana aliyelelewa Bronx, aliyefiwa na baba akiwa na miaka 9, akasomeshwa na mama muuguzi katika shule za Kikatoliki hadi akafika vyuo vya Princeton na Yale, anajua mambo ambayo mwana wa tajiri hayajui. Na mwana wa tajiri naye ana yake. Mahakama yenye majaji wa aina moja tu ina upungufu, hata kama aina hiyo ni njema. Lakini jaji aingiaye akidhani ametumwa na kabila lake, huyo si jaji, ni mjumbe. Na mtu wa kwanza atakayemdhuru ni mtu wa kabila lake mwenye kesi mbovu, maana atamfundisha kwamba haki ni undugu. Pete Hernandez alipata waamuzi wa jamii yake, nao hawakumwachia. Ndivyo ilivyopasa.

Basi nini kizuizi? Wengi hudhani ni chama kimoja cha siasa kinachowachukia Walatino. Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo! Rais Clinton alimteua Richard Paez kwa mahakama ya rufani mwezi Januari 1996. Hakuthibitishwa hadi Machi 2000, miaka 4 na zaidi, na waliomkalisha kitako ni Maseneta wa chama cha Republican. Rais Bush naye alimteua Miguel Estrada, mzaliwa wa Honduras, kwa mahakama ya rufani ya Washington mwezi Mei 2001. Safari hii ni Wademokrati waliozuia kura isipigwe. Mara 7 wenzao walijaribu kuufunga mjadala, mara 7 wakashindwa kupata kura 60, hata Septemba 2003 mwenyewe akajitoa. Mmoja alisemwa kuwa huria mno, mwingine kuwa mhafidhina mno. Kila chama kilitaka Mlatino, mradi awe wake. Kanuni ya kura 60 kwa majaji hao iliondolewa mwaka 2013, lakini tabia haikuondolewa pamoja nayo.

Kizuizi cha pili kipo chini zaidi, nacho hakipigiwi kelele. Jaji huchaguliwa kutoka katika mawakili, na mawakili wa Marekani walio Walatino hawazidi sana 6 katika kila 100. Anayetaka majaji bila kusomesha mawakili anangoja mavuno ya shamba lisilolimwa. Tena haitoshi kuwa wakili. Wanaoteuliwa aghalabu walikuwa waendesha mashtaka wa Serikali Kuu, au majaji wa ngazi za chini, au vijana waliofanya kazi ya uandishi kwa jaji mkubwa mara tu baada ya chuo. Na kazi hizo hupatikana kwa kujuana. Mtoto wa kibarua amjue nani? Hii ndiyo sababu twaiheshimu kazi ya chama cha utetezi MALDEF, kilichoanzishwa San Antonio mwaka 1968 na wakili Pete Tijerina: pamoja na kushtaki, kilitoa pia fedha za masomo ya sheria. Na hii ndiyo sababu twaona wanaofanya makosa ni wale wanaozinduka wakati kiti cha Washington kinapokuwa wazi tu, wakaandika barua na kupiga ngoma, kisha wakalala miaka 10. Maseneta wa kila jimbo huulizwa na Rais majina ya watu wafaao kwa mahakama za wilaya. Majina hayo huandaliwa mapema, katika kamati ndogo, siku ambazo hakuna gazeti linaloandika. Mwenye nia ya kweli aende huko.

Msomaji pengine ataka kujua mwisho wa wale mawakili wa Edna. García, aliyekuwa na ulimi wa dhahabu kupita wote, alikufa mwaka 1964, fukara, juu ya benchi katika mji wa San Antonio. Cadena akawa jaji katika mahakama ya rufani ya jimbo la Texas. DeAnda, mdogo wao, aliteuliwa mwaka 1979 na Rais Carter kuwa jaji wa shirikisho katika Texas ya Kusini, akawa jaji mkuu wa mahakama hiyo kuanzia 1988 hadi 1992. Wilaya ya Jackson, pamoja na mji wake wa Edna, imo ndani ya eneo la mahakama hiyo.